Nyuso Nane za Wavu

Kwa miaka minne nimefanya kazi meza moja na Katungu, na muda wote huo sikujua kwa nini aliichagua meza yangu.

Karakana yetu iko Villawood, hapa Sydney, Australia, mtaa wa nyuma, kati ya mtu anayeuza matairi na mtu anayekata marumaru. Tunatengeneza milango na madirisha ya wavu, yale ya kuzuia nzi. Mimi nakata fremu za alumini na kuziunga pembeni. Katungu anatandaza wavu juu ya fremu, anaubana kwa uzi wa mpira akiusukuma na kigurudumu chenye mpini, halafu anakata mabaki kwa wembe. Wavu ukivutwa sana, fremu inapinda. Ukiachiwa, unafanya tumbo. Akija mteja msumbufu, bosi wetu Kelly humwambia, "Huu ameubana Katungu," kama vile mteja anamjua Katungu ni nani.

Katungu ni Mnande wa upande wa Beni, Kongo ya mashariki, mwenye miaka hamsini na mbili. Mimi ni Mrundi niliyekulia kambini Kigoma. Nilimaliza darasa la saba hukohuko, na Kiswahili changu ni cha walimu wa kambi. Cha Katungu ni cha Kongo. Tunaelewana, ila anayeongea ni yeye.

"Melchior, tangu asubuhi umesema neno gani?"

"Nilikusalimia."

"Hiyo si neno. Hiyo hata redio inafanya. Sema kitu! Sema hata uongo!"

Nilikuwa nacheka tu na kuendelea kukata. Mchana tulikula pamoja, yeye akiegemea ukuta na kutazama mlango mkubwa wa magari. Nilidhani anapenda upepo.

Jambo moja lilinishangaza. Wakongo ni wengi Sydney, na Katungu hakuwa na hata mmoja. Tukisubiri treni jioni, wakitokea watu wanaoongea Kinande, alihamia behewa lingine bila kuniaga. Misa alikwenda kwa Wafilipino. Binti yake, Kyakimwa, anayehudumia wazee katika makazi yao huko Campbelltown, alikuwa amechumbiwa na kijana aitwaye Moïse, ambaye ukoo wake umetoka Beni vilevile. Baba yake Moïse aliomba mara tatu kuja na wazee wenzake kubisha hodi, kama inavyotakiwa. Mara tatu Katungu alikataa. Ndoa ilipangwa mwezi wa nne katika ukumbi mmoja wa Auburn, na Katungu alisema wazi kwamba ndani ya ukumbi huo hataingia. Kyakimwa alimjibu kwa Kiingereza, kama anavyomjibu siku zote, kwamba bila mama hakuna harusi, na kwamba yeye mwenyewe ataivunja.

"Aivunje," Katungu aliniambia. Halafu alivuta wavu kwa nguvu mpaka fremu ikapinda. Ndiyo fremu pekee niliyowahi kumwona akiiharibu.

Dereva anayetuletea alumini anaitwa Avila. Ni mzee mweusi kama sisi, lakini si Mwafrika. Anatoka Belize, nchi ndogo kando ya bahari ya Karibi, na kabila lake ni Garifuna. Anasema babu zake walikuwa Waafrika waliochanganyika na wenyeji wa visiwa vya huko. Mwezi wa kumi alikuja na kitu amekizungushia taulo. Alipolikunjua, tukaona uso wa mtu uliochongwa kwa mti mgumu, mweusi, pua ikiwa imelika kwa kutumiwa. Baba yake ndiye aliyeuchonga. Avila alimwomba Kelly mabaki ya wavu, Kelly akasema chukua. Halafu akamwomba Katungu amsaidie kuubana wavu juu ya ule mti hadi ushike sura.

Katungu alimuuliza ni wa nini. Avila alisema Krismasi, akasema kucheza, akazungusha mkono mbele ya uso wake.

"Mchezo wa kanisani," Katungu akanieleza. "Kila mwaka wanakosaka vitu vya kuvalisha askari wa Herode. Kwa hiyo wanavaa ndoo."

Nami nikaona ni kweli. Hatukuuliza zaidi.

Katungu alitengeneza nane. Aliulaza wavu juu ya mti na kuusukuma kwa vidole gumba, kuanzia puani kwenda nje, akilainisha mikunjo kwa mpini wa kigurudumu. Penye kidevu alikunja ukingo mara mbili ili usimchome mvaaji, akaacha nafasi ya vidole viwili ya kuuvulia. Nane zikapangwa kwenye rafu, rangi ya kijivu, kila moja na pua ileile iliyolika. Zilikuwa nzuri. Kelly alizipiga picha.

Siku ya Jumatano, wiki mbili kabla ya Krismasi, tulikuwa tunakunywa chai. Katungu alikuwa amesimama, ameshika fremu mkono mmoja na wembe mkono wa pili. Mtu akaingia kwenye ule mlango wa magari. Alikuwa na uso wa rangi ya waridi, mashavu mekundu, macho ya bluu, mdomo mdogo kama wa mtoto na sharubu nyembamba ya rangi nyeusi. Uso huo haukutikisika. Nyuma ya wavu uliopakwa rangi humwoni mtu, ila yeye anakuona vizuri sana.

Fremu ilianguka. Katungu hakupiga kelele. Alibaki amesimama, wembe mkononi.

Avila alicheka, akauvua, akaanza kutueleza akiwa ameukumbatia kama kofia. Zamani, alisema, watumwa wa visiwa walipewa siku chache za Krismasi za kupumzika. Wakavaa uso wa bwana, wakavaa na nguo nyeupe kama zake, wakaenda kumchezea uani kwake. Bwana aliwapigia makofi, hakujua kwamba anajitazama mwenyewe. Kwao mchezo huo unaitwa jankunu, na hadi leo wanakwenda nyumba hadi nyumba, wachezaji wakiwa kimya, hawasemi hata neno, ngoma ikifuata magoti yao. Kelly alisema ni jambo la kusisimua. Avila aliiokota ile fremu, akamtania Katungu kwamba hata watoto wa kwao hukimbia.

Mchana Katungu hakufungua chakula chake.

"Waliokuja kwetu walikuwa wamefunga vitambaa," alisema. "Macho tu. Melchior, mtu mgeni anafunika uso juu ya nini? Hata akija wazi, nitamjulia wapi? Wale walikuwa watu wetu. Walisimama mlangoni, wakaita, Mama Patient, fungua. Mama Patient. Hilo jina ni majirani tu wanaliita. Ni watu wa kisimani, watu wa kanisani. Sasa mimi nikafungua."

Patient alikuwa mtoto wake wa kwanza. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Walimuua palepale kizingitini, na Katungu akatoka kwa mlango wa nyuma akiwa amembeba Kyakimwa mgongoni, akakimbilia msituni na hatimaye Uganda. Hakurudi hata kumfunika.

Niliweka mkate wangu chini.

"Sasa unajua juu ya nini nakula na weye," akasema. "Kila mtu wa Beni nikimwona hapa, najiuliza, huyu alifunga kitambaa? Weye ulikuwa Kigoma. Weye haukuwepo."

Kumbe ndiyo sababu. Mimi nilidhani ameniona ni mtu mwema. Nilishtuka, nikaumia kidogo, halafu nikaona aibu kwamba katika habari kama hiyo nimepata nafasi ya kuumia mimi.

"Mwambie ule mzee asiniletee tena ule uso," akasema. "Mimi nikimwambia nitalia. Mwambie weye."

"Nitamwambia."

Kiingereza changu ni cha vipimo: milimita, kushoto, kulia, subiri. Nilitunga sentensi moja kwenye treni, nikaifanyia mazoezi siku mbili. Avila alikuja Ijumaa. Nilimsaidia kushusha alumini, tukafika mwisho, akanipiga bega na kuondoka. Jumanne alikuja tena. Nilifungua mdomo, nikauliza kama anataka maji. Karakana ikafungwa kwa sikukuu.

Siku ya pili ya Krismasi Katungu alinialika kula kwake, kwa kuwa anajua naishi peke yangu. Nilishuka Campbelltown saa sita mchana, jua kali, nyenje wakilia mitini hadi masikio yanauma. Anaishi katika nyumba ya serikali, yenye ua mdogo mbele na mlango wa wavu alioubana mwenyewe. Alipika sombe ya majani ya muhogo, bugali na samaki wa kukaanga. Kyakimwa alikuwepo. Mama na binti walipitishiana vyombo bila kutazamana, kila mmoja akiongea nami, na mimi, kama kawaida, nikijibu kwa kichwa.

"Anko Melchior," Kyakimwa akaniambia kwa Kiingereza, "mwulize mama kama ameshaamua."

"Mwambie mama yake ana masikio," akasema Katungu.

Ndipo tukasikia ngoma.

Ilikuwa mbali, kisha ikawa barabarani kwetu, na ndani yake kulikuwa na sauti nyingine, kama maharagwe makavu yanayotikiswa ndani ya kopo. Zilikuwa kombe za baharini zilizofungwa magotini. Geti likafunguliwa. Waliingia wachezaji wanane, nguo nyeupe, utepe umepita kifuani kama msalaba, vichwani taji za manyoya na vioo vidogo vilivyotupiga jua machoni. Na uso mmoja, mara nane. Waridi, macho ya bluu, sharubu. Mpiga ngoma pekee, kijana nisiyemjua, ndiye alikuwa na uso wake.

Nilielewa mara moja. Avila alikuwa anamshukuru. Nyumba hadi nyumba, na ya kwanza ni ya mama aliyewabania nyuso. Nilitakiwa kusema maneno mawili tu, ni Avila. Niliyatafuta. Nilisimama na sahani mkononi, samaki akateleza akaanguka, na maneno hayakuja.

Wachezaji walisimama mstari mmoja mbele ya mlango. Katungu alikuwa bado ameketi, mkono wake umegandia ndani ya bakuli la bugali. Labda angestahimili. Labda angetambua kazi ya mikono yake. Lakini mmoja wao, mnene, alitoka mstarini, akasogea hadi pua ya kinyago chake ikagusa wavu wa mlango, akaita kwa Kiswahili, kwa sauti ya furaha:

"Mama Patient! Mama Patient, tufungulie!"

Katungu aliinuka. Alimshika Kyakimwa mkono, akamsukuma bafuni, akamwambia funga kwa ndani. Msichana alifunga. Nilitegemea Katungu atarudi kukaza komeo la mlango wa mbele. Alirudi, akaufungua.

Alitoka nje miguu mitupu. Aliingiza vidole viwili chini ya kidevu cha yule mnene, penye ule ukingo alioukunja mara mbili, akavuta. Uso ukatoka pamoja na taji, kioo kimoja kikavunjikia kwenye saruji.

Chini yake palikuwa na mzee mweusi wa miaka sitini hivi, anayetiririka jasho, tabasamu likiwa bado halijamtoka.

Ngoma ilikatika.

"Weye nani?" Katungu akauliza.

"Mama, ni mimi. Venant. Papa wa Moïse. Mkwe wako!"

Hapo nami nilishtuka kama vile mimi ndiye niliyevuliwa uso. Mtu wa Beni. Nyuma ya kinyago palikuwa na mtu wa Beni anayelijua lile jina. Kile alichokihofia miaka yote kilikuwa kimesimama uani kwake kimevaa utepe.

Mchezaji wa mwisho mstarini akaanza kufoka kwa Kiingereza, na kwa sauti nikajua ni Avila. Alikuwa anamgombeza Venant: mchezaji hasemi! Alimwambia mara ngapi kwamba mchezaji hasemi!

"Jina hilo alikupa nani?" Katungu akauliza.

"Jina gani, mama?"

"Uliloita."

Tabasamu la Venant likaanza kuondoka, polepole. "Nilitaka kukuchekesha tu. Mara tatu umetukatalia. Mimi napakia mizigo huko kwa Avila, walipungukiwa mtu, nikasema acha nicheze, mchungaji hatajua. Jana akasema tunaanzia kwa mama wa Campbelltown, Katungu. Nikasema, haya, Mungu amefungua geti."

"Nimekuuliza jina."

"Dada yangu. Masika. Si tunaulizia ukoo kabla ya ndoa? Nilipomwambia msichana ni wa Katungu, akasema, Katungu aliyemjuaka yeye aliitwaka Mama Patient, nikadhani ni weye."

"Mwaka ule ulikuwa wapi?"

Hakuuliza mwaka gani. Watu wa kule hawaulizi. "Nakivale, kambini, Uganda. Nilikuwa nimeshakimbia, mwaka wa pili."

"Nani alikuona Nakivale?"

"Mama, watu wengi..."

"Mpigie dada yako."

"Sasa hivi? Kule hata hakujapambazuka."

"Mpigie. Weka sauti watu wote wasikie."

Venant alitoa simu ndani ya soksi, kwa maana nguo ile haina mfuko. Vidole vyake vilikuwa vinateleza kwa jasho. Iliita muda mrefu. Kisha sauti ya mwanamke, nzito ya usingizi:

"Venant, nani amekufa?"

Katungu aliichukua simu. Alimsalimia kwa Kinande, halafu Katungu akahamia Kiswahili huku ananitazama mimi. Alitaka shahidi.

"Mimi ni Katungu. Jina langu la Mama Patient ulilijulia wapi?"

Sauti ikasema, "Katungu wa nyumba ya karibu na kituo cha afya? Uko hai?"

"Nijibu."

"Mimi ni Masika, yule wa sindano. Kyakimwa nilimchanja mimi, alinikojolea. Siku ile sisi wa kituo tulibaki. Kijana wako nilimwosha. Hakuwa na nguo nzima, nikamvika shati ya Venant, ya bluu, aliiachaka kwangu alipoendaka Uganda. Tulimzika nyuma ya kituo, karibu na ukuta. Msalaba niliandika mwenyewe, Patient wa Katungu. Nilidhani na weye uliishia msituni. Nilikuombea misa."

Nilimtazama Venant. Alikuwa amefungua mdomo. Shati hilo alikuwa amelisahau, na habari ya kaburi hakuwahi kuambiwa. Alikaa chini kwenye nyasi na nguo zake nyeupe, kombe zikalia mara moja.

Katungu aliibana simu shavuni, ingawa sauti ilikuwa wazi. Kisha akauliza:

"Ilimtosha?"

"Nini, dada?"

"Ile shati."

"Mabega, ndiyo. Mikono ilikuwa mifupi. Nilimkunjia hadi kiwiko, ikakaa vizuri."

"Alikuwaka na mikono mirefu," Katungu akasema. "Aksanti, Masika. Lala. Nitakupigia mchana."

Avila alikuwa ameshavua uso wake, na wengine wakavua mmoja baada ya mwingine, ingawa Avila alifundishwa na baba yake kwamba mchezaji havui hadi siku ya mwisho ya mchezo. Walisimama wamezishika nyuso zao kifuani kama watu walio kwenye mazishi. Avila alinijia, akaniuliza wamefanya kosa gani. Nikamwambia ile sentensi yangu ya kwenye treni: tafadhali usimwonyeshe tena uso huu, waliomuulia mtoto walificha nyuso. Niliisema yote, bila kukwama hata neno moja. Alinitazama, akaniuliza nilikuwa najua tangu lini. Nikamwambia. Alichuchumaa akaanza kuokota vipande vya kioo.

Katungu alileta kiti cha plastiki, akakiweka uani palipo na jua.

"Kaa hapo," akamwambia Venant. "Geuka huku. Nataka nikuone."

Venant alikaa. Alipewa sahani, akala sombe akiwa ameelekezwa uso kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Kila alipoinama sana Katungu alisema, "Kichwa." Naye akainua kichwa.

"Haya. Hao watakaokuja Auburn. Nitajie. Anza na ndugu zako."

"Bigirimana ni rafiki tu, ni Mrundi..."

"Wa Burundi waache. Wa Beni."

Alianza kutaja. Kwa kila jina Katungu aliuliza mwaka ule alikuwa wapi, na nani alimwona huko. Wengine walikuwa Kampala, mmoja alikuwa hospitali Bunia. Jina la saba Venant aliguna, akasema huyo kwa kweli hajui.

"Huyo aje kwangu kwanza. Mchana. Peke yake."

Mlango wa bafuni ulikuwa umefunguka kitambo. Kyakimwa alikuwa amesimama kwenye korido, macho mekundu. Alikuwa amesikia yote kupitia dirisha dogo. Alikuja hadi mlangoni, akauliza polepole kama mama atakuja au hatakuja.

"Leta karatasi, uandike haya majina," Katungu akasema. "Mimi nitakaa mlangoni mwa ukumbi. Kila mtu anayeingia asimame mbele yangu, nimtazame."

Kyakimwa alimkumbusha kwamba wageni ni mia mbili.

"Basi wafike mapema."